Nafsi ya Kwanza Umoja

Mume wangu Gratien hujifunza lugha kama anavyohubiri: kwa sauti kubwa, na bila kungoja jibu. Asubuhi, kabla sijatia sukari kwenye chai, ameshaisalimu meza kwa Kihispania, ameshalisalimu dirisha na jokofu. Nyumba yetu ya Spånga, huku kwa Waswidi, ghorofa ya tatu, imejaa vikaratasi vya manjano. La mesa. La ventana. La puerta, mlango. Kwenye kioo cha bafuni alibandika el hombre, yaani mwanamume, na mimi kila nikinawa uso naambiwa ndiye mimi. Nilipomlalamikia alicheka, akasema ataongeza na la mujer, mwanamke. Hakuongeza.

Sababu ya vikaratasi ni Bolivia. Siku za kazi Gratien hunyanyua mizigo kwa mashine kwenye ghala moja huko Jordbro, na Jumapili ni mwinjilisti wa kanisa letu, Warundi na Wakongomani tunaokodi ukumbi karibu na stesheni. Oktoba iliyopita alikuja mgeni na picha za mji mmoja wa milimani, Oruro, akasema kanisa la kule linahitaji mtu na mkewe kwa miaka mitatu. Gratien akasimama na kusema, "Sisi tuko tayari." Mimi nilikuwa jikoni, chini, naosha vikombe. Habari za wito wangu nililetewa na Domina, mwimbaji mwenzangu wa kwaya, aliyeshuka ngazi mbio kunikumbatia. Nikapongezwa nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi.

Ilipangwa tuwekewe mikono na kuagwa Jumapili ya Pentekoste. Nilikuwa na miezi saba na zaidi ya kusema sentensi moja fupi: sitaki kwenda. Sikuisema. Watu wakidhani kwamba mke wa mwinjilisti hunyamaza kwa sababu anaogopa, wanakosea. Mimi simwogopi Gratien. Ila Kiswahili chetu kina milango mingi ya uani, na mtu anaweza kukaa ndani ya ndoa miaka ishirini na saba akitokea huko huko. Tutaona. Mambo bado. Mungu akipenda. Akiniuliza kama nimeanza kupanga nguo, namwambia polepole. Binti yetu Inès, ambaye tangu aanze shule hutujibu kwa Kiswidi, alinishika mkono siku moja na kuniuliza kama ninataka kwenda. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza. Nikamwambia tutaona, mwanangu, na nikamwomba anisaidie kumenya ndizi.

La kuchekesha ni kwamba mwalimu nilimtafuta mimi. Gratien aliniambia tunahitaji mtu wa kutufundisha, na mimi nilifanya kazi miaka tisa katika nyumba ya wazee pamoja na mama mmoja wa Chile, Ximena, aliyestaafu na kuhamia Rissne. Nikampigia simu. Hivyo ndivyo nilivyo: nikiambiwa leta kamba, naleta, hata kama ni ya kunifungia mwenyewe. Kila Jumanne jioni tulikaa kwenye meza yake ya jikoni, watatu, na bakuli la biskuti katikati.

Ximena hafundishi kwa kubembeleza. Alizoea kuinua wazee wazito vitandani, na vitenzi anavishika vivyo hivyo. Siku ya kwanza alituchorea jedwali: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Akatuuliza kwa Kiswidi sisi tunayaitaje mambo hayo. Gratien alifurahi mno. Yeye alikulia Uvira, na katika kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikokutana, alifundisha sarufi chini ya turubai. Akaandika juu ya daftari langu kwa mwandiko wa ubaoni: nafsi ya kwanza umoja. Chini yake: nafsi ya kwanza wingi.

Nilikaa nikiyatazama maneno hayo. Siku ya harusi yetu, mchungaji aliyetufungisha alisema neno umoja mpaka nikalihesabu kwa vidole, mara kumi na moja. Ninyi si wawili tena. Umoja. Na kumbe kwenye sarufi umoja ni mtu aliye peke yake. Nilimwonyesha Gratien, nikidhani atacheka. Akasema hizo ni maana mbili tofauti, tusichanganye, na akaendelea na jedwali.

Basi Ximena akawa anatuuliza maswali na Gratien akawa anajibu, na baada ya wiki chache yule mama akagundua kitu nilichokijua tangu kambini. Mume wangu hajui nafsi ya kwanza umoja. Ukimwuliza anakula nini asubuhi, tunakula mkate. Ukimwuliza anafanya kazi wapi, tunafanya kazi Jordbro, kama vile na mimi niko ndani ya ghala nikinyanyua mizigo. Neno alilolipenda kuliko yote ni vamos, kwa sababu, alisema, lina faida mbili: ni tunaenda, tena ni twende. Alilisema kwenye ngazi, kwenye lifti, akifunga mlango. Mimi nililisikia kama amri iliyovaa nguo za mwaliko. Ximena alimkataza kulitumia mezani kwake, lakini mazoea yana taabu, na kila Jumanne lilimponyoka.

Ile Jumanne ninayotaka kusimulia ilikuwa wiki tatu kabla ya Pentekoste. Somo lilikuwa kutaka. Quiero, nataka. No quiero, sitaki. Kila mmoja alitakiwa aseme sentensi tatu za kweli, si za kitabuni, na aanze na yo, mimi, ili Gratien asipate pa kupenyea. Akaanza yeye. Anataka kahawa. Anataka kiangazi. Ya tatu akasema tunataka kwenda Bolivia, na Ximena akagonga meza kwa kijiko. Akarudia, kwa shida, kama mtu anayevaa kiatu cha mwingine: mimi nataka kwenda Bolivia.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikasema sitaki biskuti nyingine. Nikasema nataka kulala. Nikatafuta ya tatu kichwani, na naapa sikupanga. Nilitafuta tutaona kwa Kihispania, sikuijua. Nilitafuta mambo bado, sikuijua. Katika lugha ile mimi nilikuwa na maneno mia mbili tu, na nyumba yote haikuwa na mlango wa uani.

"Yo no quiero ir a Bolivia," nikasema.

Gratien akanirekebisha kwa upole, vile anavyowarekebisha watoto wa shule ya Jumapili. Akaniambia hapo nimeweka no, niiondoe. Akamgeukia mwalimu ili amsaidie.

"Sentensi iko sawa," akasema Ximena kwa Kiswidi. Aliinuka kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa, na akakaa huko muda mrefu akitupa mgongo.

Tulipanda metro mpaka Sundbyberg. Kwenye jukwaa la treni ya Spånga, Gratien alisimama akitazama ubao wa saa kana kwamba umeandikwa kwa Kihispania. Tulipoketi ndani ndipo akauliza, na aliuliza kwa sauti ndogo ambayo huwa hana.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema sisi."

Akasema Mungu alimwita. Nikamwambia sina shaka. "Alikuita wewe, Baba Inès. Mimi nilikuwa jikoni."

Ni kituo kimoja tu mpaka Spånga, kwa hiyo ilibidi niseme haraka, na labda haraka ilinisaidia. Nilimwambia nilizaliwa Ruyigi na Kirundi, nikatosheka nacho. Kiswahili nilijifunza kwenye foleni ya unga, kwa sababu nilikimbia. Kiswidi nilijifunza kwa sababu kambi ilikuwa inafungwa, na tukabandika vikaratasi kwenye milango hiyo hiyo. Gundi ya miaka kumi na sita bado iko chini ya la puerta, ukipitisha kidole utaigusa. Kila lugha baada ya Kirundi nilipewa na aliyenifukuza. Sasa nina kazi, nina kwaya, nina mtoto anayeishi vituo vinne kutoka kwangu, na muuza samaki anajua jina langu.

"Safari hii hakuna anayenifukuza," nikamwambia, "isipokuwa wewe."

Alishuka kwanza, akanishikia mlango, na tukatembea nyumbani tukiwa na hatua mbili kati yetu.

Wiki zile tatu zilikuwa ngumu kuliko ile miezi. Gratien hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliondoka alfajiri kwenda Jordbro, akarudi, akala, akashukuru. Meza haikusalimiwa tena. Usiku mmoja nilimkuta ameketi na picha ya Oruro kwenye simu, ameikuza mpaka imebaki nukta nukta, na nilimhurumia hadi nikakaribia kumwambia basi, twende. Kwa maana ninajua kilichomo ndani yake. Maisha yake yote Gratien amekuwa mtu wa kupokelewa: amepewa blanketi, amepewa kibali, amepewa kozi. Alitaka mara moja kabla ya uzee awe mtu aliyetumwa. Mimi nami nilikuwa nimechoka kuondoka. Katika nyumba moja mambo hayo mawili yote yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuwa na dhambi. Nililia bafuni, mbele ya el hombre, kisha nikanawa uso.

Kama amemwambia mchungaji au la, sikujua, na sikuuliza. Nilijiambia kwamba akisimama tena na kusema sisi, nitanyamaza na nitakwenda, lakini nitajua nimeolewa na nani.

Jumapili ya Pentekoste ukumbi ulijaa. Sikwenda jikoni. Nilikaa safu ya pili na kitenge changu kipya, na tulipoitwa mbele nikaenda. Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga, mikono tayari. Belyse, msichana anayewatafsiria vijana kwa Kiswidi, alisimama pembeni na kipaza sauti chake. Mchungaji akamwomba Gratien aseme machache.

"Sisi," akasema Gratien, na akakwama.

Nimemsikia mtu huyu akihubiri saa mbili bila kumeza mate. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kukohoa kwa ajili yake. Belyse alikuwa ameshatafsiri lile neno moja, akabaki akingoja lingine.

"Mimi," akasema. "Mimi, ndugu zangu, niliahidi kwa niaba ya watu wawili, na mmoja sikumwuliza. Yuko hapa. Ana kinywa chake."

Akanipa kipaza sauti. Kilikuwa na joto la kiganja chake. Niliona uso wa Domina, niliona Inès nyuma kabisa amesimama ingawa wengine wameketi.

"Mimi siendi," nikasema.

Belyse alinitazama kama anayeomba ruhusa, kisha akatafsiri, "Jag åker inte," kwa sauti nyembamba, na nikajisikia nimesema mara mbili. Mchungaji akamgeukia Gratien, akamwuliza na yeye je. Gratien akasema anataka kwenda. Akasema anataka sana. Akasema hatakwenda bila mkewe. Hakuna mtu aliyepiga makofi, na sidhani kulikuwa na cha kupigia. Wazee walituwekea mikono hivyo hivyo, kwa kuwa walikuwa wameshainyoosha.

Jioni ile alibandua vikaratasi kimoja kimoja, bila kuchana, akavipanga kwenye kopo la biskuti. Nilimwachia afanye peke yake. Nilijua nimemnyang'anya kitu, na neno samahani lingekuwa uongo, kwa hiyo nilimpikia dagaa na nikakaa karibu yake.

Jumanne, saa yetu ilipofika, nilivaa koti na kutia daftari mkobani. Gratien alikuwa sebuleni. Akaniuliza naenda wapi, nikasema Rissne. Akanieleza polepole, akidhani nimepitiwa, kwamba Bolivia imekwisha.

Nikamwambia imekwisha, ndiyo, na ndiyo maana nakwenda. Kiswahili na Kiswidi nimejifunza nikiwa na mzigo kichwani. Hii ya nne nataka nijifunze nikirudi kulala kitandani kwangu, nione kama ina ladha nyingine. Yule mama ananingoja, tena leo somo ni wakati ujao.

Niliinama kufunga zipu ya viatu. Nilipoinua kichwa, Gratien alikuwa amesimama mlangoni, pale penye gundi kuukuu, na viatu vyake mkononi. Alifungua kinywa, akakifunga, akahesabu kitu kwa vidole kama mwanafunzi wa darasa la pili.

"¿Yo puedo ir?" akauliza. Mimi, naweza kwenda?

Miaka ishirini na saba, na ndilo swali la kwanza aliloniuliza bila kuwa na jibu mfukoni. Alisimama akilingoja. Nikamwambia avae viatu upesi, treni haiwangoji wainjilisti.