Dakika Mbili za Nyumba ya Godefroid

Mwaka 1955, katika mtaa uitwao Kenya, mjini Élisabethville, Kongo, Symphorien alijipatia riziki kwa kupiga picha za vitambulisho na za harusi. Ukuta ule ule, nyuso zile zile zilizokazwa. Kwa furaha yake mwenyewe alikuwa na kamera kuukuu ya sinema iliyoweza kupiga picha moja moja. Aliifunga dirishani, na kila nusu saa, hata mteja akiwa ameshanyoosha tai, alimwacha akaenda kubonyeza.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Kiwanja hicho alikuwa amepewa karani Godefroid, rais wa klabu ya makarani. Kichuguu kilibomolewa, udongo wake ukafyatuliwa matofali, yakachomwa, na nyumba ikaanza kupanda.

"Symphorien, unapiga picha ya matofali?" Godefroid alicheka. "Ile ni muchezo ya batoto!"

"Acha nijaribu tu, Ba Godefroid."

Kazi ilichukua miezi minne. Godefroid aliposikia kwamba picha elfu mbili zikifuatana upesi nyumba itaota kama uyoga, aliacha kucheka. Klabuni hakuchoka kusimulia alivyoijenga kwa mikono yake, huku akionyesha viganja laini ambavyo havikuwahi kushika kitu kizito kuliko kalamu. Akaazima projekta ya misheni, akaita watu klabuni Jumapili baada ya misa, akawahutubia robo saa nzima kwa Kifaransa cha kubana pua. Akamaliza kwa Kiswahili, ili hata waashi waelewe: "Sasa bantu bote bataona vile mi njo nilijenga!"

Mapazia yakafungwa. Ukutani kichuguu kikayeyuka, kuta zikainuka. Mke wa Godefroid, Adolphine, alipita na kupita, matofali kichwani, tumbo la mimba likizidi kukua.

Na Godefroid? Alikuwamo. Amekaa kitini. Asubuhi kiti upande huu wa ukuta, mchana upande ule, kikikimbizana na kivuli. Mara moja tu alionekana amesimama: alikuwa akimwonyesha mkewe pa kutua mzigo.

Kicheko kilianzia viti vya nyuma.

"Rais wa kivuli!" akapaza sauti Mukuka, fundi mwashi.

"Zimisha!" Godefroid akafoka. "Ile mashini inasema bongo, uongo mutupu!"

"Mashini haijue kusema, Ba Godefroid," Symphorien akajibu. "Haijue hata Kifaransa."

Godefroid akatoka bila kofia yake. Wiki mbili baadaye klabu ilichagua rais mwingine, na hakuna aliyemsihi abaki.

Lakini Jumapili ile ya filamu, watu walipokuwa wakitawanyika, Adolphine alibaki na kichanga chake mapajani. Yeye hakuwa amecheka.

"Rudisha ku mwanzo, nione tena."

Symphorien akairudisha. Adolphine akatazama bila kupepesa.

"Kumbe nilibeba yote ile," akasema polepole.

Filamu ilipokwisha, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda nyumbani kwake.