Mwisho wa Bwana Redio

Soko huria lilipofika Newala lilileta wanunuzi binafsi wa korosho, mitumba, na magazeti mapya kutoka Dar es Salaam. Katika mojawapo Veridiana, mke wa Kasiani, aliandika hadithi ya mfululizo kila wiki. Kasiani alitamba nayo mji mzima. Dukani kwa Swalehe ndiye aliyewasomea wenzake, na ndiye aliyecheka kuliko wote, maana Bwana Redio wa hadithini alikuwa kituko: mtu wa kushinda kivulini na redio yake huku mkewe akishuka bondeni kuteka maji na kupanda mlima na ndoo kichwani.

Mcheka kilema hafi bila kumfika. Katika sura ya saba Bwana Redio alifunga antena kwenye mkorosho kwa kamba ya chandarua. Kicheko kikamkauka Kasiani. Newala nzima mkorosho wa namna hiyo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa uani kwake. Swalehe, kwa uungwana wake, akajifanya anapanga sabuni.

Balaa zaidi, wasomaji wa kuanzia Masasi hadi Tandahimba waliandika barua wakitaka mume huyo afukuzwe. Na nyumba ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wa mke, hadithini na kwa Kasiani vilevile. Yeye mwenyewe alihamia hapo kutoka Chiungutwa na jembe na sanduku moja tu. Ilibaki sura ya mwisho, ya kwenda na basi la Ijumaa.

Siku mbili alimzunguka mkewe, akisifia hata chumvi ya mboga. Mwishowe akauliza, kama mtu asiye na haja, yule bwana ataishia wapi.

"Sijui, Baba Salome," alisema Veridiana bila kuinua kichwa. "Mimi naandika ninachokiona."

Alhamisi asubuhi Kasiani alishuka bondeni na ndoo. Wanawake kisimani walimpa pole nyingi mno. Mlimani alipumzika mara tano, na nusu ya maji ikamwishia mgongoni.

Gazeti lilipofika alilisoma peke yake. Bwana Redio hakufukuzwa. Alifika na ndoo nusu, mkewe akamsogezea kiti, akamwuliza kama magoti yanauma. Hadithi ikaishia hapo, kwa sentensi moja zaidi: "Yeye, kwa miaka kumi na saba, hakuwahi kuulizwa."

Kasiani aliona haya, haya ya kweli. Akamfuata Veridiana barazani, alikokuwa akimenya mihogo.

"Mama Salome, magoti yanauma?"

Kisu kikasimama.

"La kushoto," akajibu. "Tangu Salome azaliwe."