Jicho la Kulia la Mzee Mashimba

Mzee Mashimba wa Zagayu alikuwa na ukaidi wa kuuza na wa kubakiza. Madaktari wa macho waliopiga kambi Bariadi walikuwa wanapokea wagonjwa wa mwisho siku ile, gari la kwenda mjini lilikuwa karibu kuondoka, na yeye kakaa kando ya jiko, fimbo magotini, hataki kusikia.

"Wanakutoa jicho, wanaliweka mezani, wanalifuta kwa kitambaa, ndiyo wanalirudisha," alisema. "Likidondoka je? Likidonolewa na kuku?"

Veronica, bintiye, alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini usimwone mzee mjinga. Jicho la kushoto alikwisha kulipeleka kwa mganga mpita njia, akamchoma sindano kuusukuma ule ukungu mweupe, mtoto wa jicho. Akaona wiki chache, kisha likauma mpaka likazima kabisa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa la kulia nalo limefunikwa, na likipotea hili, mtu aliyejua ng'ombe wake wote kwa rangi atabaki kushikwa mkono kwenda chooni.

Asubuhi ile fahali alikuwa amevunjika mguu korongoni, wakamchinja. Kichwa ni cha mwenye boma, kwa hiyo kililetwa kwa mzee, na maji ya supu yalikuwa yanatokota. Veronica alikitazama. Akachukua wembe.

"Baba, lete mkono."

Akamshikisha jicho la fahali. "Huku mbele, hiki kinachong'aa kama kioo cha saa, ni konea. Mwanga unaingilia hapa." Akapasua, maji yakamchirizikia mzee vidoleni. Akamwongoza kwenye tundu la katikati, mboni, linalotanuka gizani na kujibana juani. Nyuma yake kikatoka kitu cha kuteleza, mfano wa gololi. "Hii lenzi. Inaukusanya mwanga, inautupa nyuma kwenye utando unaoitwa retina, halafu mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Nesi alinieleza. Wanatoa lenzi iliyoharibika tu, wanaweka ya plastiki. Jicho halibanduki mahali pake."

"Maneno," mzee akasema.

Honi ya gari ikalia barabarani. Veronica akapasua jicho la pili, akaitumbukiza lenzi yake kwenye sufuria, akangoja, akaiopoa kwa mwiko na kuipoza.

"Shika zote mbili. Elekea jua."

Mzee akaisogeza ile mbichi kwenye jicho lake. Mwanga ukapita. Akasogeza iliyopikwa. Giza. Akarudia. Kila mla supu ya kichwa anaijua ile gololi nyeupe ya ndani ya jicho lililoiva. Mzee amezitema tangu ujana, hata siku moja hakuwaza kwamba yake inaweza kuiva yeye akiwa hai.

"Kumbe nimepikwa," akasema taratibu. "Ng'wana wane, mwanangu, nipe viatu."

Kwenye chumba cha upasuaji hawakumlaza usingizi, walimchoma ganzi tu. Veronica alikaa kwenye benchi nje ya mlango, akasikia sauti ya daktari: "Mzee, shusha mkono. Ukitikisika tunaliharibu." Akajua baba yake anaiona tena sindano ya yule mganga. Alisali Salamu Maria akaipoteza katikati, akaanza upya.

Kesho yake asubuhi walifungua bandeji. Mzee alipepesa, akakodoa.

"Veronica, una mvi."

"Ninazo, baba."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Akamshika kichwa, akacheka peke yake. Kisha akamgeukia daktari kwa haraka ya mtu aliyechelewa sokoni. "Basi leo nitengenezee na hili la kushoto. Sasa nimeelewa, siogopi tena."

Daktari alilimulika kwa tochi. Veronica aliinama kutazama naye. Mboni haikujibana hata kidogo, akajua kabla hajaambiwa.

"Hili hapana, mzee. Mshipa wa nyuma umekufa."

"Na ningekuja kwenu kwanza, kabla ya sindano?"

Daktari alizima tochi. "Lingepona kama hilo jingine."

Mzee Mashimba akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka macho yote mawili, na lile lililokufa ndilo lililotoa mengi.