Chako Kiko Motoni

Fundi alifika kwa wakwe zake jasho likiwa limeshamlowesha mgongo. Jiko alikuwa amelisukuma mwenyewe juu ya mkokoteni toka nyumbani kwake, jiko la nusu pipa alilolichomelea kwa mikono yake, lenye wavu wa nondo nyembamba na mfuniko wenye mpini wa mbao. Aliambiwa aje nalo. Kwa nini, hakuambiwa, na mwanamume aliyekimbiwa na mke haulizi maswali mengi.

Aliyemfungulia mlango wa uani ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi mwenye mabega ya kuziba njia.

"Umekuja," alisema mwashi.

"Nimekuja, shemeji. Habari za hapa?"

"Zilikuwa nzuri." Akasogea kidogo tu, kiasi cha jiko kupita na mwenye jiko kujikunyata ukutani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya vitunguu. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, fimbo katikati ya magoti. Fundi akawaamkia. Mzee aliitikia. Mama aliitikia pia, ila alikiitikia kitunguu.

Kisha mkewe akatoka jikoni na sufuria iliyofunikwa sahani. Alikuwa mshonaji, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Akalitazama jiko kabla ya kumtazama mwenye jiko.

"Limeshika kutu," akasema, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu aondoke.

Alivyoondoka, watu wanajua. Wenzake Fundi wa karakana walikuja kucheza karata, kama ilivyo desturi yao, na mke akawachomea vidari vya kuku nyuma ya nyumba. Vilipofika mezani, Fundi alikitwaa chake kwa vidole viwili, akakigonga juu ya meza, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha kwa jirani. "Hodi! Jamani, mke wangu kanipikia kandambili. Mwenye mguu wa kulia ni nani, nimpe?" Wenzake walicheka mpaka karata zikawaponyoka. Mke alikusanya sahani. Asubuhi Fundi akakuta pembe ya chumba iko tupu, sakafuni zimebaki alama za miguu ya cherehani. Mwanamke akiondoka na nguo zake, huenda amekasirika. Akiondoka na cherehani, huyo amehama.

"Mkwe," mama mkwe akaanza, na safari hii akaweka kisu chini. "Hatukukuita kwenye kesi. Kesi ni maneno, na maneno wewe unayo ya kuuza na kubakiza. Leo mkeo atachoma vidari, wewe utapepea moto. Tutakula. Ukifika mwisho wa chakula hujaitia nyama yake ila yoyote, mtaondoka wote kama mwenyewe ataridhia. Ukitoa neno juu ya nyama ile, neno moja tu, utalisukuma jiko lako peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Huyu?" mzee akacheka kwa ufizi. "Afadhali ungemwambia asipumue."

Basi Fundi akawasha makaa. Akapewa kipande cha boksi, akainama, akapepea. Moyoni alikuwa ameshajiandaa kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alijua atakachokiona: nyama ingetupwa juu ya ndimi za moto, ingechomwachomwa kwa uma mpaka ivuje yote, halafu itolewe ikiwa ubao. Yeye angemeza mate na kunyamaza. Kunyamaza kwa saa moja kunamshinda nani?

"Fundi, moto huo vipi?" mwashi alimchokoza. "Umetosha? Hebu tupe utaalamu wako."

Fundi akapepea.

"Mama, tumepata mkwe bubu. Yule wa zamani mlimpeleka wapi?"

Fundi akapepea.

Mke akafunua sufuria. Vidari vilikuwa vimelala kwenye maji ya chumvi tangu usiku, vina ndimu kidogo na kitunguu saumu. Akavitoa kimoja kimoja, akavipangusa kwa kitambaa mpaka vikakauka juu, akavipaka mafuta. Fundi akaona kwamba upande mnene wa kila kidari ulikuwa umepondwa kwa chupa, polepole, bila kuchanika, nyama yote ikawa ya unene mmoja. Kisha mke akashika koleo na kuyasukuma makaa yote upande mmoja wa pipa. Upande wa pili akauacha bila kaa hata moja.

Boksi likasimama mkononi mwa Fundi. Jambo lile la kugawa moto alidhani analijua peke yake mtaa mzima. Alilitolea mihadhara kwenye karata.

"Mbona hupepei?" aliuliza mama mkwe.

Akapepea.

Vidari vikawekwa upande wa moto, vikalia tsss. Mke hakuvibonyeza, hakuvichoma uma. Alivigeuza mara moja vilipoachana na wavu vyenyewe, vikiwa na mistari ya kahawia, kisha akavihamishia upande wa baridi na kushusha mfuniko. Moshi ukatoka pembeni, mtamu, mpaka paka wa jirani akapanda ukutani kuuliza habari.

"Huyu binti," mzee akaliambia anga, "alianza kuchoma vidari hajafika bega la mama yake. Meno yangu yalipoanza kuniaga, nikaambiwa ninywe uji. Akasema baba yangu hatakunywa uji kama mtoto wakati kuku wapo. Akaharibu vingapi, sijui. Lakini alijifunza. Mimi hapa natafuna kwa ufizi."

Miaka yote ya ndoa, Fundi hilo hakuwahi kulisikia. Wala hakuwahi kuuliza mkewe kajifunzia wapi. Alichukulia tu kwamba hakujifunza.

Mke akavitoa vidari vyote ila kimoja, akavipanga kwenye sinia na kuvifunika. Mwashi akanyoosha mkono. Koleo likamgonga vidole.

"Viache vipumue kwanza. Ukikata sasa, maji yake yote utayanywesha sinia."

"Dada, nina njaa!"

"Kale matofali."

Vilipokwisha kupumua akavikata, na kisu kikapita kama kinakata ndizi mbivu. Nyama ilikuwa nyeupe pe, inang'aa kwa maji yake, na maji hayo yalimteremka mzee kidevuni kwa tonge la kwanza. Akafumba macho. Mama mkwe akapewa, mwashi akapewa, na mke mwenyewe akakaa na sahani yake. Wavuni kikabaki kidari kimoja. Mke akanyanyuka, akakivuta kwa koleo kutoka upande wa baridi mpaka katikati ya makaa.

Fundi akamtazama.

"Chako kiko motoni," mke akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kiache hapo kwanza, tumalize."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama maji ya baridi sikioni, kwa kuwa yalikuwa yake. Siku ile ya karata, mke alisimama mlangoni na kusema nyama tayari. Yeye hakuinua hata jicho. "Iache motoni kwanza, tumalize." Mke akarudi mara ya pili. "Itakauka." Yeye akamsonya mbele ya watu, akatupa karata yake mezani kwa kishindo, na mchezo ukaendelea. Halafu ikaletwa nyama, naye akabisha hodi.

Na mkewe, mbele ya wanaume wale wote, hakumwambia: umeikausha wewe. Alimsitiri. Yeye akamvua nguo.

"Pepea, Fundi," mke akasema. "Moto unalala."

Akapepea. Angefanyaje? Kusema "kitoe" ni neno juu ya nyama. Akabaki amesimama na boksi lake, anauchochea moto unaomlia chakula chake mwenyewe, na wale mezani wakala taratibu kama wamelipwa kuchelewa. Mama aliomba nyanya zaidi. Mzee alianza hadithi ya ukuta ulioanguka, akaisahau katikati, akairudia toka msingi. Mwashi alilamba kidole kimoja kimoja, na alikuwa na vidole vikubwa. Wavuni, kidari kikaanza kujikunja pembeni. Maji yake yakadondoka, yakalia, yakaisha. Harufu tamu ikageuka chungu. Paka akashuka ukutani, akaenda zake.

Ndipo mke alipokitoa, akakitia kwenye sahani na kumwekea mbele.

"Karibu."

Mwashi akanyoosha ngumi, akakigonga kidari kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

"Hodi hapa! Wenyewe wapo?"

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi mdomoni, kama mtu anayechungulia tundu la panya. Fundi akakata kipande, na kukikata kwenyewe kulikuwa kazi ya msumeno. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Taya zikalia. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: ameze, aseme asante, ampakie mkewe cherehani kwenye mkokoteni. Hata mzee alishaanza kutafuta fimbo yake aondoke.

Akamtazama mkewe. Mke alikuwa anauzungusha utepe wa kupimia kwenye vidole, anauzungusha, anaufungua. Hakuonekana kama mtu anayesubiri mume anyamaze.

Fundi akakisukumia kipande shavuni.

"Mama," akasema. "Nyama hii ni ngumu."

"Aha!" Mwashi akaruka juu, kiti kikaanguka.

"Ni ngumu, na ile ya siku ile ilikuwa ngumu hivi hivi, na aliyeikausha ni mimi. Aliniita mara mbili. Nikamwambia aiache motoni. Halafu nikamcheka."

Mwashi akamgeukia mama yake. "Aliambiwa neno moja. Huyu katoa kapu zima! Nifungue mlango, mama?"

"Fungua," mama akasema. "Nilisema, na nimesema."

"Subiri, kaka." Mke akasimama. Akaja mpaka mbele ya mumewe, karibu, ila si kwa wema. "Hawa hapa walinicheka siku ile?"

"Hapana."

"Walionicheka ni nani?"

"Wenzangu. Wa karata."

"Sasa umenivua nguo sokoni, unakuja kunivika chumbani?"

Fundi akaisogeza sahani pembeni.

"Wanakuja lini tena?"

"Kesho jioni."

Mke akakichukua kidari kilichokatwa kipande kimoja, akakifunga kwenye gazeti, akamtilia kwapani kama anavyomfungia mteja suruali. "Uwakalishe meza ile ile. Uyaseme hayo hayo. Halafu hiki ukile mbele yao, chote."

"Kitafika kesho?" mwashi akauliza.

"Kilivyokauka? Hata sikukuu kitafika."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka. "Nikishasema," akauliza taratibu, "utarudi?"

"Kwanza sema."

Fundi akamwaga makaa penye mchanga, akapakia jiko kwenye mkokoteni. Alipoinama kuokota mfuniko akakuta mguu wa mkewe umeukanyaga.

"Mfuniko unabaki."

"Lakini jiko bila mfuniko..." Akaishia hapo.

"Bila mfuniko, nini?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna kitu, mama."

Akasukuma. Mlango ulifungwa nyuma yake, na komeo likapigwa kwa nguvu ambayo komeo halikuihitaji. Jiko likawa wazi kama mdomo wa mpumbavu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, majivu yalimrukia machoni. Gazeti lilikuwa limebanwa kwapani, na nyuma ya ukuta alimsikia mzee akiuliza kama kuna kidari kingine laini kimebaki.

Kipande kile bado kilikuwa shavuni. Akakirudisha kwenye meno, akakitafuna mpaka kwake.