Kicheko cha Mama, Mali ya Kampuni

...na eti nibonyeze Nakubali, kitufe cha kijani, kipana kuliko kidole chenyewe, huku Napinga wameiandika chini kabisa kwa herufi za kutafutwa kwa darubini, usitikise kichwa, mkubwa, anasema kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, kwenye kioo naonekana kama watu wawili walionuniana, haya, sitikisi, lakini nitatuliaje na simu inaniita mwizi, mwizi wa nini, wa kicheko cha mama yangu mzazi, kile ninachofungia maonyesho yangu ya vichekesho tangu enzi nina kiuno, kinachoanza kama pampu inayovuta hewa, kh, kh, kh, kikapanda, kikapanda, kikaishia uwiii nishikeni, ukumbi mzima hoi... kampuni ya milio ya simu ikakikata kwenye video yangu ya zamani, ikakisajili, ikakiuza, jana nimekitoa jukwaani kwa koo langu mwenyewe, nikaweka video, mashine yao ikasikiliza ikasema hiki kina wenyewe, hakimiliki, nikikubali ukurasa wangu unafunguliwa ila kicheko nisikiguse tena, nikipinga nikashindwa ukurasa wote unafutwa, kazi yangu yote, fyuu... bonyeza tu baba watoto, alisema mke wangu asubuhi akimsuka binti yetu, kicheko kimoja kitu gani, tunga kingine, tunga kingine! kana kwamba mama anauzwa kwa dazeni, na kubonyeza si ndiko kulikonifikisha hapa, kidole hiki kimekubali kila kitu, nilitaka tochi tu, tochi ikaomba kuona picha zangu, nikakubali, ikaomba kujua niliko, nikakubali, tochi jamani! nikipotea ndiyo itakayonitafuta?... geuza shingo, mkubwa... na mama pale sebuleni akauliza, mwanangu, wamenishtaki? nikamwambia hapana mama, wanasema unaiga simu, akaanza, kh, kh, kh, nami mbio kufunga dirisha, nimefunga dirisha! niliogopa nani, kampuni imejibanza uani na kinasa sauti? mtu mzima, kitambi mbele, namfungia mama dirisha asicheke nyumbani kwake, akakikatiza katikati, akanitazama, akarudi kuchambua mchele... hapana, hapo nimevuka, hapo hata mimi nisingejichekea... mashine ya kunyolea inavuma sikioni, kiti hiki ndicho hunipimia kazi, kila kichekesho nakileta hapa kwanza, mashine ikiendelea kuvuma nakitupa, kinyozi akiizima ili acheke nakipeleka jukwaani, na siku niliyoleta kicheko cha mama kinyozi hakuwahi hata kuizima, alicheka nayo mkononi, akanichimba shimo kwenye nywele za kisogoni, nikapanda jukwaani na kofia ya kuazima, mpaka leo mji mzima unaniita Kofia, wakati huo simu zetu zililia kama panya waliobanwa mlangoni, kampuni hiyo ilikuwa wapi, ioneshe shimo lake... mkubwa mbona umenuna, anasema kinyozi, leo hukuniletea kipya? kidole kinateremka, kinaiacha kijani, kinafika kwenye zile herufi za darubini, kinatulia hapo, wafute, nitasimama sokoni juu ya kreti, nitamweka mama kiti cha mbele, dirisha wazi, mlango wazi, wamlete mwanasheria wao acheke hivyo tuone... sina kipya, namwambia, nina cha zamani, shika mashine vizuri, unakumbuka ulichonifanya, anasema ngoja ngoja ngoja, mimi koo tayari limeshavuta hewa, kh, kh, kh...