Dinamo Yenye Kasoro Moja

Siku taa ya baiskeli yake iliposagwa na lori pale Igogo, Ndalahwa alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri la Byabato, katikati ya Nyamagana, tenga la samaki likiwa bado tupu nyuma ya baiskeli. Ndalahwa ni mchuuzi. Kila alfajiri hutoka kwake Mkolani giza likiwa halijaachia, hushuka hadi soko la samaki la mwaloni Kirumba kuwahi sato, kisha huwazungusha mitaani kabla jua halijawaharibu. Mchuuzi wa samaki asiye na taa ni marehemu ambaye hajapewa taarifa. Alitaka taa kali, na aliitaka kwa bei ya mtu wa samaki.

Byabato ni Mhaya, na kila aliyewahi kununua kitu kwa Mhaya anajua kwamba maelezo ni ya bure na ni mengi kuliko bidhaa. Alileta taa ya kuchaji yenye mwanga mweupe, akasema hiyo inamulika mpaka Musoma. Akaleta ya betri kavu yenye king'ora ndani yake, ya kuwatoa watu barabarani kama msafara wa waziri. Kila alipotaja bei, Ndalahwa alirudisha mkono mfukoni. Mwishowe Byabato aliinama chini ya meza, akatoa dinamo ya chuma, zile za kizamani zinazosuguana na tairi, pamoja na taa yake ya duara. Aliizungusha kwa kidole gumba, na duka zima likajaa mwanga wa manjano. Bei yake ilikuwa karibu na bure.

“Kasoro yake ni moja tu, kaka,” alisema Byabato. “Inamulika ya zamani.”

Akafafanua, maana kufafanua ndiyo kazi yake. Barabara utakayoiona siyo ya leo. Mitaro iliyochimbwa juzi haitakuhusu, utapita kana kwamba haipo. Ila miti iliyokatwa itakugonga, kwa hiyo uwe macho. Na ukiacha kunyonga pedali taa inazimika, kila kitu kinarudi kilivyo, kwa sababu dinamo haina betri. Wateja kadhaa walikuwa wameshairudisha, mmoja akiwa amevunjika jino. Ndalahwa aliuliza kama balbu zake zinapatikana. Akaambiwa zinapatikana. Akaifunga dinamo kwenye baiskeli palepale dukani. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuchuuza samaki Mkolani.

Alfajiri iliyofuata lami iliishia mlangoni kwake. Mbele ya taa kulikuwa na njia nyekundu ya vumbi, nyumba za nyasi, ng'ombe waliolala kando wakicheua, na harufu ya moshi wa kuni ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni. Alinyonga taratibu, moyo umemlainika. Hapo Mkuyuni akagonga mkuyu.

Nundu ya kwenye paji la uso ilionwa kwanza na mama yake, bibi Ng'washi, ambaye alikuwa akiishi naye. Aliuliza amegonga nini. Ndalahwa akasema mkuyu. Mama akauliza mkuyu upi, akaelezwa. Akasema mkuyu huo anaujua, alishapumzika chini yake akiwa na mzigo wa furu wakavu, wale samaki wadogo, enzi hizo ziwa lina furu, sangara hajawamaliza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba kesho jioni apelekwe Lusenga.

Lusenga kilikuwa kijiji chao cha wavuvi kando ya ziwa. Walihamishwa kupisha hoteli, wakapewa viwanja Mkolani. Siku ya kuhama mwenyekiti wao alipanda juu ya jiwe, akaahidi mbele ya watu wote kwamba njia ya kwenda majini haitazibwa kamwe. Watu wakampigia makofi. Ukuta mweupe wa hoteli ukajengwa juu ya njia hiyohiyo, na tangu hapo Ng'washi ziwa aliliona kwa mbali tu, kama mtalii.

Mwaka huu alikuwa ameanza kupungua. Alikula kidogo, alilala mno, na akiulizwa anaumwa wapi alijibu kwamba haumwi, ana kiu tu. Akipewa maji ya bomba hushukuru, akayaweka chini. Ndalahwa hakuwa na mke wala ndugu. Mama ndiye alikuwa nyumba nzima. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alisikiliza kwanza kama anapumua, na aliogopa sana siku ambayo angesikiliza asisikie. Kwa hiyo hakubisha. Alikunja gunia, akalitandika kwenye keria, juu yake akaweka kanga, akampakia mama yake.

Walifika ukutani jua likizama. Getini alikuwepo mlinzi aitwaye Shigela, mtu mzima mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alimwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa, akawaeleza kwa upole kwamba getini hawaruhusiwi. Ndalahwa akasema hawapiti getini, wanapita pale, akaonyesha ukuta. Shigela alifikiri.

“Mimi nalinda geti,” alisema. “Ukuta sijapewa maelekezo.”

Ndalahwa alinyonga. Taa ilipopiga ukuta, ukuta haukuwepo. Kulikuwa na njia nyembamba kati ya mawe makubwa, matete huku na huku, na mbuzi aliyefungwa kambani akiwatazama. Walishuka mpaka majini. Hapo ndipo Ndalahwa alipokumbuka kwamba akisimama tu watajikuta bustanini kwa watu, basi akatua stendi, tairi la nyuma likabaki hewani, akaendelea kunyonga palepale alipo.

Kwenye jiwe la kufulia walikuwepo wanawake, vijana wote. Walimwona Ng'washi, wakasogea kumpa nafasi, kama unavyompisha mtu aliyechelewa tu kidogo. Alivua ndala, akaingia majini mpaka magotini, akainama, akanywa kwa viganja viwili. Alikunywa kwa muda mrefu. Mbali ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zilianza kuwaka, moja, nyingine, halafu nyingi. Ndalahwa alimtafuta baba yake kati ya wanaume waliokuwa wakivuta wavu, asimwone, kisha akakumbuka kwamba marehemu alihamia Lusenga baadaye. Kwa mwanga huu hata yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Hilo halikumsumbua. Miguu ilipochoka alimwita mama, mama akaja, wakapanda zao.

Usiku ule Ng'washi alimaliza ugali wote na kuulizia mwingine. Kanga yake ilianikwa mlangoni, na chumba kizima kilinuka ziwa. Ndalahwa alilala akitabasamu peke yake gizani.

Wakawa wanakwenda kila jioni. Habari ilienea Mkolani, ikawa gumzo la kawaida tu kama bei ya mkaa, na wazee wengine wa Lusenga wakaja kuomba lifti. Keria ni moja. Wakaona heri waende kwa mwenyekiti, yuleyule, ambaye sasa anatembelea fimbo, wamkumbushe njia yao. Mwenyekiti aliwasikiliza vizuri sana, akawaagizia chai, akauliza kama ni kweli kuna baiskeli inayopita ukutani. Wakasema ni kweli.

“Basi njia mnayo,” akasema. “Mnalalamika nini?”

Suala likafungwa. Hoteli nayo ilibandika tangazo ukutani kwamba baiskeli za dinamo zisipite wakati wa chakula cha jioni, wageni wanasikia mlio. Ukuta ukapakwa rangi upya.

Ndalahwa alikonda. Mama alikuwa akikaa majini zaidi na zaidi, na mwana hakuwa na roho ya kumwita mapema, maana kule chini alikuwa anacheka. Nyumbani Mkolani hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, akaona wivu, wivu kabisa, wa kulionea jiwe na maji. Alfajiri alikuwa akichelewa mwaloni na kubaki na samaki walioachwa na wenzake. Hakujali. Bora mama anywe.

Jioni moja kule majini, wakati anashuka kwenye keria na mwanawe akinyonga, Ng'washi alimshika mkono.

“Leo ukichoka usiniite, mwanangu.”

“Mama, nikiacha kunyonga ukuta unarudi.”

“Unarudi upande wako,” alisema mama. “Mimi nilikuwepo kabla yake.”

Alimpangusa jasho usoni kwa pindo la kanga, kama alivyozoea kumfanyia, akateremka zake kuelekea jiweni bila kugeuka. Ndalahwa alinyonga. Alinyonga giza likaingia, karabai zikawaka, zikatapakaa ziwa zima. Alinyonga akilia waziwazi, maana hapakuwa na wa kumwonea haya, akaiomba miguu yake isimtende hivyo. Alitamani angekuwa na miguu ya chuma. Lakini miguu ni ya nyama, ikasimama yenyewe.

Alijikuta katikati ya majani yaliyokatwa vizuri, kando ya meza za watu wanaokula sato. Shigela alikuja kumtoa. Waliikokota baiskeli pamoja mpaka getini, na hapo mlinzi aliitazama keria, akauliza bibi yuko wapi.

“Amebaki nyumbani,” alisema Ndalahwa.

Shigela akasema vizuri, akafunga geti.

Usiku huo hakula, na siku ya pili hakwenda mwaloni. Hakukuwa na maiti, hivyo hakukuwa na matanga; majirani walikuja hivyo hivyo, wakakaa naye, wakaondoka. Jioni alishindwa kukaa ndani. Alipanda baiskeli, akapita penye ukuta, akashuka njia ya mawe, akatua stendi, akanyonga.

Wanawake walikuwa wakifua. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, kanga kifuani, mikono imejaa povu, na alicheka kile kicheko. Ndalahwa akakijua. Akasema lile alilomwambia kila asubuhi ya maisha yake.

“Shikamoo, mama.”

Wale wanawake wakaangua kicheko. Msichana aliona aibu kwa ajili ya huyu mzee mwenye mvi anayemwamkia mtoto, aliyeinama juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Akanawa povu haraka, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao.

“Shikamoo, baba,” alisema.

Ndalahwa akaitikia marahaba, akaendelea kunyonga.