Wino Uliowatangulia

Asubuhi ya uchaguzi Vitus alikuwa jikoni akipuliza kuni za mkaratusi ambazo hazijakauka, ndipo Bibi Tusajigwe alipogonga mlango kwa fimbo yake na kuinua mkono wa kushoto.

"Kamwene, Vitus. Hebu niangalizie kidole. Umeshaingia?"

Vitus akakishika kidole kidogo, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na wino mweusi wa waliokwisha kupiga kura, toka kwenye ukucha hadi pingili ya kwanza.

"Kamwene, bibi. Umeingia."

"Hata hodi haukupiga," alisema bibi, ambaye macho yake yalikufa zamani. "Uchaguzi uliopita ulikuja hivihivi, nimelala."

Kitongojini kwao, ng'ambo ya mto ukitoka Kalenga, wino ulianza na wasioona na wasiotembea. Kituo kilikuwa mbali, daraja la miti huchukuliwa na maji kila masika, na wakubwa waliahidi kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Kweli hakuachwa mtu. Vipofu waliamka wana wino, wakafuata viwete, wakafuata wazazi wenye vichanga. Safari hii ulikuwa umepita nyumba zote. Watu walikuwa kisimani wakisugua kwa majivu na limao, taratibu, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Yotamu, fundi baiskeli, alijaribu mafuta ya taa. Alichopata ni kidole cheusi kinachonuka taa.

Vitus peke yake hakuwa nao. Kidole chake kidogo cha kushoto kilibaki Mufindi kwenye msumeno wa mbao, enzi za ujana, kwa hiyo wino ulipopita haukukuta pa kukaa.

"Basi mpiga kura wetu ni wewe," alisema bibi. "Nami nipeleke. Nina swali."

Vitus alikuwa na sababu yake ya kwenda. Waliahidiwa zahanati na diwani. Ikajengwa, ikapakwa rangi, ikazinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na muuguzi mpaka leo bado yuko njiani. Mkewe, Anjela, alipougua aliikuta ina kufuli jipya, akafia kwenye pikipiki wakielekea mjini, kichwa kimelala mgongoni kwa mumewe. Diwani alikuja msibani, akala wali, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Toka siku ile Vitus alikuwa na kura moja na mtu wa kumnyima.

Wakavuka mto, bibi ameshika koti la Vitus kwa nyuma. Kituoni, kwenye shule ya msingi, askari walikuwa wengi kuliko wapiga kura. Walisema wamekuja kulinda kura. Mwizi ni nani, hawakusema. Kwenye foleni kila mtu alikuwa na kidole cheusi. Walikuja tu ili waambiwe rasmi.

Kwa kuwa wazee na wasioona hutangulizwa, bibi alipelekwa mbele, akapewa kiti, akawa wa kwanza kuambiwa kwamba ameshapiga.

"Nashukuru," alisema. "Sasa, mjukuu wangu, niambie nimempa nani."

Karani, binti mpole aitwaye Goodness, akainua uso. "Bibi, kura ni siri."

"Hata kwangu?"

"Siri ni siri, bibi."

"Haya. Ukimwona huyo aliyenisaidia, mwambie aje tusalimiane. Tumeshakuwa ndugu."

Foleni ikacheka. Askari mmoja naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba ana bunduki.

Ikafika zamu ya Vitus. Akaweka mkono mezani. Goodness akatafuta kidole, akakikosa, akaangalia mkono wa pili, akaona ni mweupe. Akachana karatasi ya kura, akampa. Vitus akaingia kwenye kituturi, akaikunjua, akaliona jina la diwani, akaliona na la mpinzani wake. Akashika kalamu.

Hapo kidole chake cha pete kikaanza kupata baridi. Wino ulichungulia chini ya ukucha, ukapanda polepole kama mgeni aliyepotea njia akalazimika kuuliza. Ukapita chini ya pete ya ndoa bila kuichafua, ukatulia.

Askari akamgusa bega. "Mzee, umeshapiga. Kupiga mara mbili ni kosa."

"Sijaandika kitu."

"Kidole kinasema."

Goodness akaja akaichukua karatasi mkononi mwake, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Pole, baba. Kwako wino ulichelewa kidogo."

 Vitus alimtafuta bibi, akampa ncha ya koti, wakarudi nyumbani.

Matokeo yalitangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari. Diwani yuleyule. Kitongoji kikapongezwa kwa kujitokeza chote, wenye ulemavu mbele, tena kwa amani na utulivu. Mwenye malalamiko, sauti ikasema, afike ofisi ya kata kesho aweke dole gumba kwenye fomu. Watu wakakubaliana wataenda wote, Vitus ndiye atakayesema, maana msiba ulikuwa wake.

Asubuhi walipoamka, madole gumba nayo yalikuwa na wino.

Yotamu akaja mpaka shambani, akanyoosha lake. "Kaka Vitus, ni kitu gani tumekubali?"

"Chote," alisema Vitus, akaendelea kumwagilia nyanya, maana jua lilikuwa linaanza kukaza.